Mwenye Mali Huulizwa Kasoro

Kwanza niwatoe wasiwasi: kiti nimekiacha palepale mbele ya kompyuta, ila mto wa kukalia nimeondoka nao. Niliushona mwenyewe na haukuwa mali ya mashindano. Mengine yote ni yenu: kompyuta, betri ya sola inayolia kama kifaranga ikiishiwa, na zile barua pepe za watu walionitukana. Hizo sikuzifuta kwa sababu nyingine zimeandikwa vizuri sana.

Mmeniomba, ninyi mnaoshika ukaguzi baada yangu, niwaandikie namna ya kuamua programu ipi iingie kwenye mashindano yetu na ipi ibaki nje. Kanuni mnazo, zimewekwa kwenye tovuti na hakuna anayezisoma. Mimi nitaeleza yale ambayo kanuni hazikusema. Asiye na subira akanywe chai kwanza, arudi.

Kwa faida ya mwenzenu aliyejiunga juzi na bado anadhani tunacheza sisi: kwenye mashindano haya binadamu hachezi. Mtu anaandika programu ya kucheza sataranji, anatutumia kwa mtandao, na programu zinamenyana zenyewe huku wenye nazo wakitazama kwenye skrini na kuuma kucha. Sharti kubwa ni moja tu, programu uwe umeiandika wewe. Na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Mtandaoni zimejaa programu za bure, kali kuliko bingwa yeyote mwenye damu, na mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja anaweza kuipakua moja, akafuta jina, akaipa jina la mtaa wake na kutuletea huku anatabasamu. Mkaguzi anakaa mlangoni kusema huyu apite, huyu hapana. Ndiyo maana nikaitwa Mama Hapana. Jina hilo sikulikataa, maana lilinipunguzia wageni.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya mnyororo wa baiskeli. Wakati ule nilikuwa fundi wa maabara ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa mjini Singida, kazi ya kufuta vumbi na kuwaambia walimu kwamba mashine haijaharibika, haijachomekwa. Mnyororo wangu ulikatika nikitoka nyumbani Unyambwa, nikausukuma mzigo hadi kwenye duka la vipuri la Bwana Harish. Nikamkuta hana habari na wateja. Mbele yake ubao wa sataranji, pembeni kompyuta, na uso umekunjamana.

"Dada, kompyuta unazijua?" akaniuliza.

"Mimi nazijua. Zenyewe ndiyo hazinijui."

"Basi mnyororo utasubiri. Njoo uone kitu."

Mashindano alikuwa ameyaanzisha yeye na wenzake wachache waliofahamiana mtandaoni. Siku hiyo alikuwa na programu mbili kutoka kwa watu wawili wa mikoa tofauti. Akaziwekea mchezo uleule uliofika katikati, akaziuliza kila moja ingecheza nini. Zikajibu sawa. Akaweka mchezo mwingine, zikajibu sawa. Mwingine tena, hivyo hivyo, hata pale ambapo hatua ziliyochagua ilikuwa ya kijinga. Bwana Harish akaegemea kiti. "Kukubaliana kwenye akili si ajabu," alisema, "wenye akili hukubaliana. Wakikubaliana kwenye ujinga, huyo ni mtu mmoja kabadilisha shati."

Shikeni hilo kabla ya mengine. Vifaa vya kulinganisha hatua mtavikuta kwenye kompyuta, vingine nimeviandika mimi na vinafanya kazi vikiwa na hali nzuri. Lakini msilinganishe uhodari. Linganisheni upuuzi.

Nilipata mnyororo wangu jioni, na kazi juu yake.

Miaka ya mwanzo wezi walikuwa wepesi, Mungu awabariki. Kuna bwana mmoja alituletea programu aliyoipa jina la bibi yake mzaa mama, na barua ndefu ya jinsi marehemu alivyomlea. Niliposoma nusu barua machozi yalikuwa karibu. Nikaifungua programu ndani, nikakuta imejaa maneno ya Kirusi. Nikampigia kumuuliza bibi alisomea wapi Kirusi. Simu ikakatika, na hadi leo mtandao wake haujarudi.

Mwingine aliniumiza kichwa zaidi. Programu yake ilikuwa inacheza vizuri kwa wastani, haifanani na nyingine yoyote duniani, kila kipimo safi. Nikaipitisha. Baadaye nikaona kwamba kila ikifika saa ya chakula cha mchana inanyamaza kwa muda, na ikirudi inacheza kivivu kama imeshiba ugali. Siku moja ilifanya kosa la wazi, na kwenye sehemu ya ujumbe ikaandika "samahani." Nilikaa na hiyo samahani nikaitazama. Alikuwa ni mwenyewe, mwanamume mzima na familia yake, amekaa chumbani anasogeza vitunda vya sataranji kwa mkono na kujifanya mashine. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumkataa kwa kosa la kuwa binadamu. Nilimwambia ana kipaji, atafute mashindano ya watu.

Kisha wezi wakaelimika. Wakajifunza kuchanganya, kuparaza, kubadilisha namba hapa na pale ili vipimo vyangu visiwanase. Vipimo vikawa vinasema "huenda," na neno huenda halifai mlangoni. Kamati ya mashindano ikaniletea mapendekezo marefu kutoka kwa wataalamu wa nje. Niliyasoma yote. Yalikuwa na michoro.

Njia niliyoishia kuitumia niliikuta nyumbani. Baba yangu alikuwa mfugaji, na kwetu ng'ombe akipotea akaonekana kwenye zizi la mtu mwingine, au mnadani, na watu wawili wakamgombea, wazee hawaulizi rangi. Rangi kila mtu anaiona, hata mwizi anaiona, tena mwizi ndiye aliyeitazama zaidi. Wanauliza: huyu ng'ombe ana ubaya gani? Mwenye mali anajibu kabla swali halijaisha. Huyu anapiga teke ukimkamua umekaa kushoto, huyu anakula nguo zilizoanikwa kambani, huyu akisikia ngurumo anavunja boma. Anaeleza kwa hasira kabisa, maana yamemchosha. Mwizi anabaki kusifu maziwa.

Nikaanza kuwapigia watu simu ya video, kila aliyeniletea mashaka. Shikamoo mama, marahaba, habari za huko, nzuri, haya niambie programu yako ina ubaya gani. Kama ameiandika yeye, simu hiyo haikatiki. Atalalamika, atakuonyesha, atakuomba ushauri, atalaani siku aliyoanza. Kama ameichukua, atakwambia haina shida, mama, iko vizuri sana. Kwa heri. Hamtapata kipimo bora kuliko hicho, na hakihitaji umeme mwingi.

Sasa niwape kesi iliyokigomea.

Mwaka wangu wa mwisho ziliingia programu mbili za hapa hapa mkoani. Nilifurahi, kwa kawaida Singida tunatoa mkaguzi na washiriki wanatoka kwingine. Ya kwanza iliitwa Alizeti, ya Veronika, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Ihanja. Ya pili iliitwa Radi, ya Elibariki, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda mjini. Nikaziwekea michezo. Zilikubaliana kwenye akili, zikakubaliana kwenye ujinga. Ujinga wenyewe ulikuwa mmoja mkubwa: zote mbili zilikuwa haziko tayari kumtoa malkia. Hata pale ambapo kubadilishana malkia kwa malkia kungezipa ushindi wa kulala, zilimkimbiza malkia pembeni, zikamficha, zikapoteza mchezo mzima kwa ajili yake.

Mashati mawili, mtu mmoja. Kanuni iko wazi: programu moja haikai viti viwili, na anayeleta ya mwenzake anakataliwa na kuandikwa kwenye ukurasa wa waliokataliwa. Ukurasa huo mnaujua. Una jina, mahali anapotoka mtu, na neno moja tu la sababu: nakala. Kila mwenye simu anaweza kuusoma, na haufutwi.

Nikampigia Veronika kwanza. Nikamwambia nilichokiona. Akasema, "Mama, Elibariki alikuwa mume wangu."

Ndipo nikaelewa. Walikuwa wameiandika wawili wakiwa ndani ya nyumba moja. Ndoa ikavunjika, kila mmoja akaondoka na programu kwenye mashine yake, na kila mmoja akaona ni yake.

"Ameshatangaza kwa watu kwamba niliondoka kwake na programu yake, kama mtu anavyoondoka na sufuria," alisema. "Na mimi shuleni nimeshawaambia wanafunzi. Wananiita Mwalimu Alizeti. Mama, ukiniandika pale kwenye ukurasa, mwizi, nitasimama mbele yao nifundishe nini?"

Nilimwambia sijaandika kitu. Nikawaita wote wawili nyumbani kwangu Unyambwa, maana kwa mara ya kwanza katika kazi yangu washitakiwa walikuwa ndani ya umbali wa bodaboda.

Walikuja kila mmoja na bodaboda yake. Wakanipa shikamoo kwa zamu, bila kutazamana, wakakaa kwenye ncha mbili za kochi langu, katikati nafasi ya kutosha familia. Elibariki kijana mrefu, mpole wa sura, amevaa shati la kupigwa pasi kama anakwenda posa. Veronika mdogo wa umbo, mkoba ameukumbatia kifuani. Nikawapa chai. Kisha nikamtoa Veronika akakae nje na kuku wangu, nikamuuliza Elibariki swali la wazee: programu yako ina ubaya gani?

"Malkia," alijibu papo hapo. "Haitaki kumtoa malkia. Inanitia aibu, mama. Inaweza kuwa inashinda kabisa, ikaona malkia anaguswa, ikapata wazimu."

Sawa. Nikambadilisha, yeye akaenda kwa kuku, Veronika akaingia. Swali lilelile.

"Malkia," akasema, kabla sijafunga mdomo.

Kipimo changu kizuri kikafia hapo. Wazee wa mnadani walipouliza ubaya wa ng'ombe hawakuwahi kuletewa mume na mke waliomkamua wote. Nikawaita ndani pamoja. Nikasema, haya, ubaya mnaujua wote, sasa niambieni huo ujinga wa malkia aliuandika nani.

"Yeye," alisema Elibariki.

"Yeye," alisema Veronika.

"Mimi niliandika ile sehemu ya kutafuta hatua mbele," Elibariki akaendelea. "Namba za kuonyesha kila kitunda kina thamani gani aliandika yeye."

"Tuliandika wote. Wewe ndiye uliyekuwa ukizichezea kila siku."

"Mimi sikumgusa malkia."

"Nani kamgusa basi, jirani?"

Wakaanza, na nadhani malkia walishamsahau. Yakaja mambo ya mama mkwe, ya nani alikuwa anachelewa kurudi, ya redio fulani. Niliwaacha kidogo kwa sababu ilikuwa inanoga, na mimi ni mstaafu mtarajiwa, starehe zangu ni chache. Lakini hasira ikanipanda. Kila mmoja alimtaka ng'ombe, hakuna aliyetaka mateke yake. Nikagonga meza.

"Mimi ni mkaguzi, sikuletewa ndoa hapa. Dirisha la kuingia linafungwa kesho. Kama programu hii ina wazazi wawili wasiotaka kuukubali ubaya wake, basi haina mzazi. Inabaki nje, Alizeti na Radi zote. Nitaandika nakala na nakala. Nendeni."

Elibariki akasimama. Alikuwa amekasirika lakini alikuwa na kibanda chake, na watu hawaendi kwa fundi wa simu kwa sababu ya sataranji. Kwake ingepita. Veronika hakusimama.

"Mama," alisema, "utaniandika mwizi."

"Nitaandika nakala."

"Ihanja watasoma mwizi."

Nilijua anasema kweli, na nilijichukia kidogo pale kwenye kiti changu. Vijana, itawatokea. Kanuni itakuwa upande wenu na bado chai itawashinda kumeza.

Veronika akauweka mkoba chini. Akasema, "Basi ni mimi. Ule ujinga wa malkia niliuandika mimi. Uandike kwa jina langu."

Sasa hapo lazima muwe macho. Mtu aliyebanwa anaweza kukiri hata lisilo lake, mradi apite mlangoni. Kwa hiyo nikamuuliza swali la pili la wazee, ambalo hulitumii mara kwa mara: tabia hiyo ilianza lini?

Akamtazama Elibariki kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Mwanzoni kabisa," akasema. "Programu ilikuwa inagawa malkia bure. Kila mchezo, hatua chache tu, malkia ameliwa. Na huyu alikuwa anacheka. Aliwaita rafiki zake waje waone, wakacheka wote. Akasema tuiache, hii kazi si ya watu kama sisi. Alipotoka nikaingia kwenye thamani za vitunda, nikampandisha malkia mpaka nikajua hawezi kuliwa tena. Nilitaka tu asicheke. Nilisema nitairekebisha baadaye vizuri. Aliporudi akaona malkia haliwi, akafurahi, akakaa chini, tukaendelea. Nikaogopa kuigusa tena."

Kuku mmoja aliingia, akatutazama, akatoka.

Nikamgeukia Elibariki. Huyu ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kukanusha. Angesema tu si kweli, na mimi nisingekuwa na pa kushika. Alikuwa bado amesimama na mkono kwenye mlango.

"Nilicheka," alisema. "Ni kweli. Niliwaita na rafiki zangu." Kisha akasema, "Mimi nilidhani imejifunza yenyewe. Niliwasimulia watu kwamba imejifunza yenyewe."

Nilimwonea huruma, na sikuwa nimepanga. Akarudi akakaa, si ncha ileile ya kochi, lakini msifurahi haraka, ni kwa sababu kwenye ile ncha kulikuwa na chai yake imemwagika. Akasema, "Mama, iondoe Radi. Iandike Alizeti, ya kwake."

"Na ile sehemu ya kutafuta hatua mbele, nani aliandika?" nikamuuliza Veronika.

Aliikunja midomo. Ilimuuma kulisema, niliona. "Yeye. Na ni nzuri. Bila hiyo ingecheza kama mbuzi."

"Basi sitaandika uongo kwenye mlango wangu siku zangu za mwisho. Itaingia moja, kwa majina mawili. Asiyetaka aseme sasa."

Wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Tatizo likabaki kwamba fomu yetu ina nafasi ya jina moja. Nikampigia Bwana Harish, ambaye siku hizi duka amemwachia mwanawe na anakaa ndani kucheza sataranji na mjukuu anayemwibia vitunda. Nikamweleza yote, mpaka redio. Akasikiliza, akauliza jambo moja tu, kama yule kijana alikubali bila kulazimishwa. Nikasema ndiyo. "Na fomu je?" nikamuuliza, "ina nafasi ya jina moja."

"Dada, andika kwa herufi ndogo."

Nikaandika kwa herufi ndogo. Veronika wa Ihanja na Elibariki wa mjini, Alizeti, imekubaliwa. Hiyo ndiyo programu ya mwisho niliyoipitisha. Ukurasa wa waliokataliwa siku ile haukuongezeka mtu.

Hawakurudiana, kama kuna anayesubiri hilo. Kila mmoja yuko kwake na wanawasiliana kwa ujumbe mfupi usio na salamu, wakigombana ni nani arekebishe nini. Na programu yao, sitawaficha, ilishika mkia. Ilifungwa na kila mtu. Ilifungwa hata na programu ya mtoto wa shule kutoka Dodoma ambayo nusu ya muda haikujua zamu ni ya nani.

Siku matokeo yalipotoka Veronika aliyaonyesha darasani, kwenye ukuta, kwa ile mashine ya shule ya kurushia picha. Alinisimulia mwenyewe kwa simu. Wanafunzi walianza kulitafuta jina lake kutoka juu. Wakashuka, wakashuka. Walipolikuta chini kabisa wakapiga makofi mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Msichana mmoja wa mbele hakupiga. Akanyoosha kidole, akauliza mbona mwalimu ni wa mwisho.

"Wa mwisho kati ya walioingia," Veronika akamwambia, akafuta ubao, akaanza kufundisha.